Mguu Usiouma: Maswali ya Wenye Kisukari Bagamoyo

Kila mara hapa kliniki tunaletewa mtu mwenye kidonda kilichoanza kuoza mguuni, naye neno lake ni moja: "Kilikuwa hakiumi." Ndiyo maana tunajibu maswali haya.

Kwa nini nyayo zinawaka moto usiku?
Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu, kwanza ile mirefu ya miguuni. Vidole vinachomachoma, hata shuka ikigusa ni karaha. Baadaye huingia ganzi.

Sasa haziwaki tena. Nimepona?
Hapana. Mara nyingi ni ganzi imezidi. Mguu umeacha kukupa habari.

Nina kidonda kidogo, hakiumi. Nisubiri?
Usisubiri. Hakiumi kwa sababu mishipa ya fahamu imekufa, si kwa sababu kidonda ni chepesi. Hata kikiwa kama punje ya mchele, njoo leo. Usikitie majivu, dawa ya meno wala unga wa kapsuli. Tafadhali sana, njoo leo.

Nikande kwa maji ya moto na chumvi?
Hapana, hapana kabisa. Mguu wenye ganzi haujui moto. Mtu anatia miguu kwenye beseni, anahisi vuguvugu, kumbe ngozi inababuka. Na pekupeku basi! Mchanga wa pwani saa saba mchana unaunguza, magamba ya chaza yanakata. Akina mama wa mwani kule Mlingotini, vaeni viatu hata majini. Kung'uteni viatu kabla ya kuvaa, na kila jioni mjukuu akukague nyayo.

Dawa nitameza mpaka lini?
Za sukari, maisha yote. Ya maumivu, kama amitriptilini, huanza kwa dozi ndogo ya usiku na huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Inaleta usingizi na kukausha kinywa. Wengi wanaiacha siku ya nne wakakimbilia diklofenaki, dawa ya maumivu ya dukani, ambayo haisaidii maumivu haya na inaweza kuumiza figo. Anayemeza metformini, dawa ya sukari, kwa miaka mingi amwulize daktari kuhusu vitamini B12. Ikipungua, nayo huleta ganzi.

Mama ana kidonda, lakini anaogopa kuja, anasema atakatwa mguu.
Mwambie mama kwamba kidonda kikiwahiwa, mara nyingi mguu unabaki. Kinachokatisha mguu ni kuchelewa. Kifunike kwa kitambaa safi, mlete na dawa zake zote. Kikinuka, mguu ukivimba au akipata homa, usingoje siku ya kliniki. Mlete usiku huohuo.