Tone jeusi kwenye rafadha si lazima iwe sili iliyokufa

Ujumbe unaozungushwa mara kwa mara katika makundi ya wavuvi unadai kwamba oili nyeusi ikidondoka kwenye rafadha (pangaboi) ya mashine ya boti, sili za gia, yaani mipira inayozuia oili kutoka na maji kuingia, zimekufa na boksi zima la gia lifumuliwe. Si hivyo kila mara. Katika mashine nyingi za petroli ya kuchanganya na oili, moshi hutoka nje kupitia katikati ya rafadha, na oili ambayo haikuungua, hasa mashine ikiendeshwa polepole kwa muda mrefu, huchuruzika papo hapo, nyeusi na yenye harufu ya moshi. Ndipo watu wanapochanganyikiwa.

Mashine ikishalala usiku kucha ikiwa imesimama wima, legeza kidogo skrubu ya chini ya boksi la gia. Maji, kama yamo, hutangulia kutoka, na oili iliyochanganyika nayo hufanana na chai ya maziwa. Hapo sili inashukiwa kwa haki, na mara nyingi mkosaji ni mshipi wa kuvulia uliojiviringisha nyuma ya rafadha. Oili ikiwa safi na imefika tundu la juu la boksi, hakuna sababu ya kufumua kitu. Tafadhali msiendelee kuusambaza ujumbe huo, na skrubu ikirudishwa, washa yake (pete ndogo ya kuziba) iwe nzima.