Mpira wa Mkojo Unapoota Ukoga

Siku tuliyowafungulia wananchi milango ya maabara yetu hapa chuoni Dodoma, mzee mmoja wa Bahi alinivuta pembeni. Ana tezi dume, na amewekewa mpira wa mkojo. "Mbukwa, mwanangu. Huu mpira kila baada ya wiki chache unaziba. Ni maji yetu haya ya chumvi, au mnatuletea mipira mibovu?"

Nikamwambia si maji wala ubovu: mpira umeota ukoga. Akacheka, maana ukoga anaoujua ni wa meno. Lakini jambo ni lile lile. Bakteria hujibandika kwenye uso wa kitu, wakajifunika utelezi wanaoutoa wenyewe, wakakaa humo ambamo dawa huwafikia kwa shida. Kwenye mpira wa mkojo msumbufu mkubwa ni bakteria aitwaye Proteus mirabilis. Ana kimeng'enya kinachovunja yurea iliyomo kwenye mkojo na kutoa amonia. Mkojo ukipoteza asidi yake, magnesiamu, kalsiamu na fosfeti zilizokuwa zimeyeyuka ndani yake huganda. Ule ukoko mweupe unafanana kweli na wa kwenye birika la maji ya kisima, kwa hiyo simlaumu mzee kwa kukisingizia kisima.

Sisi tunaosomea polima, yaani molekuli ndefu zilizoungana kama shanga kwenye uzi, tunalitazama tatizo hili kuanzia mapema zaidi. Kitu kigeni kikiingia mwilini, kinachotangulia kukigusa si seli. Ni protini. Kwenye damu, albumini, fibrinojeni na wenzao huwa wameshalala juu ya plastiki ndani ya sekunde chache. Seli ikifika baadaye haikuti plastiki, inakuta zulia la protini, na inapapasa kutafuta pa kushika. Mwaka 1984 Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti, huko Marekani, walionyesha kwamba kwenye protini ya fibronektini kishikio hicho kinajengwa na asidi amino, yaani vijenzi vya protini, chache tu, tatu kati yake zikiwa ajinini, glisini na aspatiki. Kipande kidogo hivyo ndicho kinachoiambia seli: kaa hapa.

Kwa hiyo anayetaka kuamua nani akae na nani apite, abadilishe uso. Kama nyumba ya tembe ya Mgogo: miti ya ndani haionekani, mvua inakutana na udongo uliokandikwa. Njia iliyozoeleka ni kupandikiza nyuzi za polietilini glikoli. Zinasimama wima kama mabua ya mtama shambani, zimeshika maji, na protini haipati pa kupenya. Japani, Kazuhiko Ishihara na wenzake waliiga utando wa seli yenyewe: polima yao ina chaji chanya na hasi ubavuni kwa ubavu, inashika maji vizuri, na leo imo hata kwenye baadhi ya lenzi za kuvaa machoni.

Tatizo ni kwamba kufukuza kila kitu si ushindi. Mfano ninaoupenda ni stenti, kile kijibomba cha matundu kinachowekwa kwenye mshipa wa moyo ulioziba. Stenti za chuma kitupu zilikuwa zinazibwa tena na seli za misuli ya mshipa. Mwaka 2003 Marekani iliruhusu stenti iitwayo Cypher, iliyopakwa polima inayoachia polepole dawa ya sirolimasi. Seli za misuli zikatulia. Lakini dawa hiyo haichagui: ilichelewesha pia seli za utando wa ndani wa mshipa, zile zinazotakiwa kukifunika chuma ili damu isigande juu yake. Na polima ilibaki pale hata baada ya dawa kuisha, ikiuchokoza mshipa. Kufikia 2006 madaktari walikuwa wanajadili kwa wasiwasi mabonge ya damu yanayotokea muda mrefu baada ya stenti kuwekwa. Vizazi vilivyofuata vilikuja na polima rafiki zaidi kwa damu, nyingine zinayeyuka zenyewe.

Kuna polima nyingine inayonifurahisha tu. Teruo Okano wa Tokyo aliipaka kwenye sahani za kuoteshea seli. Kwenye nyuzi joto 37 seli zinashika, ikishuka chini ya 32 polima inavimba kwa maji na seli zinaachia zote kwa pamoja, kama karatasi. Ukiisahau sahani hiyo mezani asubuhi ya Julai hapa Dodoma, utakuta zimeshang'oka.

Mzee alitaka kujua kama upo mpira usioziba kabisa. Bado. Mpako huchelewesha: ukikwaruzika, au ukifunikwa na mabaki ya bakteria waliokufa, wanaofuata wanapanda juu yao. Nikamwambia anywe maji ya kutosha kama daktari hajamkataza, mfuko wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu, asiufungue ovyo pale unapoungana na mpira, na mkojo ukiacha kutoka asisubiri kesho.

"Na mafuta ya mgando? Mjukuu wangu hunipakia kwenye mpira, usinichubue."

Wa kwake ni wa mpira asilia, na mafuta ya mgando huulegeza hadi ukapasuka. Akamwita mjukuu aliyekuwa anachungulia hadubini, akaniomba nirudie.