Karatasi ya Kura Iliyotoka Mfukoni mwa Chama

Nikigusia tu uchaguzi wa Marekani wa karne ya 19, lazima ajitokeze mtu wa kunifahamisha kwamba wenzetu wale wamepiga kura ya siri tangu enzi za George Washington. Siri gani, jamani? Serikali haikuwa hata ikichapisha karatasi za kura. Kila chama kilichapisha zake, zenye majina ya wagombea wake tu, na mawakala wakazigawa nje ya kituo. Nyingi zilikuwa na rangi au picha kubwa, kwa hiyo aliyesimama pembeni alijua umebeba ya nani. Mwaka 1871 kule Vallejo, California, ilitoka karatasi nyembamba kama utepe, herufi zimebanana mno, ili mpiga kura asipate pa kukata jina na kuandika jingine.

Uwazi huo ndio ulioifanya biashara ya kura ilipe, maana mnunuzi aliona mali yake ikiingia sandukuni. Mwaka 1888 William Dudley, mweka hazina wa kamati ya taifa ya chama cha Republican, aliandikia wenzake wa jimbo la Indiana wawagawe wapiga kura wa kununuliwa katika vikundi vya watano watano, kila kikundi na msimamizi mwenye fedha. Barua ikavuja, ikachapishwa. Harrison, mgombea urais wa Republican, alishinda Indiana hata hivyo.

Mwaka huohuo Massachusetts ikawa jimbo la kwanza kupitisha sheria ya karatasi moja ya serikali, inayojazwa faraghani, kwa mtindo wa Australia. Kufikia 1896 majimbo mengi yalikuwa nayo. Hapa ndipo wasimulizi hupiga makofi na kwenda zao, na hapa ndipo mimi huanza kupandwa na hasira.

Karatasi mpya ilidai ujue kusoma. Ile ya zamani, pamoja na uchafu wake wote, hata asiyejua herufi aliitambua kwa rangi. Sasa fikiria jimbo la Arkansas, lililopitisha sheria hiyo 1891: mtu aliyezaliwa utumwani, ambaye hakuna aliyemruhusu kushika kitabu, anakabidhiwa orodha ya majina, na wa kumsaidia ni maofisa wa uchaguzi peke yao, wengi wao Wademocrat, chama cha Weupe wa Kusini wakati huo. Tennessee ilikuwa imetangulia 1889. Carolina Kusini haikungoja mambo ya Australia: tangu 1882 kila ngazi ya vyeo ilikuwa na sanduku lake lenye maandishi, ukikosea sanduku kura imeharibika, na masanduku yalihamishwahamishwa makusudi. Lakini msiitwishe karatasi mzigo wote. Louisiana ilikuwa na Weusi wapatao 130,000 katika daftari la wapiga kura mwaka 1896, na 5,320 mwaka 1900. Hiyo ni kazi ya masharti mapya ya kujiandikisha, yakiwemo yale ya katiba ya jimbo ya 1898.

Vitabu vya shule hupenda kusifu mwitikio wa wapiga kura katika uchaguzi wa rais wa 1876, karibu asilimia 82. Nami huutaja darasani, ila kwa kusitasita. Kwa hesabu hizohizo Carolina Kusini ilifikisha asilimia 101! Mwitikio uliposhuka baadaye, sehemu walikuwa raia waliofungiwa nje, na sehemu, nashuku, ni kura ambazo hazikuwahi kuwa na mwenyewe. Mwenye kuniletea mstari ulionyooka kati ya makundi hayo mawili simwamini.