Miguu isipishane

Watu wakisikia ring shout, ibada ya kuimba na kuzunguka, hudhani ni kelele. Kwa Wagullah-Geechee, watu weusi wa mwambao na visiwa vya South Carolina na Georgia huko Marekani, "shout" ni ile miguu: duara linalozunguka kinyume na mwendo wa saa, nyayo zinaburuzwa sakafuni, na mguu haupiti mbele ya mwenzake. Ukipishanisha, wazee watakwambia sasa unacheza dansi, na dansi kanisani ni dhambi. (Mwanaisimu Lorenzo Dow Turner, aliyetoa kitabu chake juu ya Kigullah mwaka 1949, alilihusisha neno "shout" na neno la Kiarabu lenye maana ya mzunguko mmoja wa tawafu, yaani kuizunguka Kaaba. Si wote waliokubali. Mimi napenda kuwaza hivyo tu.)

Ngoma humo hamna. Katika uasi wa Stono wa 1739 watumwa waliandamana wakipiga ngoma, na sheria ya South Carolina ya 1740 ikazipiga marufuku. Basi ukashikwa mpini wa ufagio, ukagongwa kwenye sakafu ya mbao. Ndiyo maana mimi nikipewa ukumbi mpya huangalia chini kabla ya kuuliza kodi. Sementi haiitikii.

Kazi yangu ni kuwakusanya watu weusi wanaoishi ughaibuni, watue mizigo yao kwa mwendo wa mwili na masimulizi. Zamani nilianza na masimulizi: kaa, tueleze ulikotoka. Nilikosea. Mama mmoja alifunga na kufungua zipu ya mkoba wake weee, mwisho akasema, "Mwalimu, mimi kwetu sikujui. Nianzie wapi?"

Siku hizi tunaanza na fimbo. Mmoja anagonga, mmoja anatoa wimbo, wengine wanaitikia kwa makofi, waliobaki wanazunguka. Hatua ni ndogo mno, hakuna wa kutazamwa. Pumzi inashuka yenyewe kwa sababu lazima uitikie, na huwezi kuitikia huku umeibana. Wiki ya tatu yule mama alipokea fimbo, akagonga mara nne tano, akasimama. "Bibi yangu alikuwa akimaliza kufagia anagonga ufagio ukutani hivi hivi, huku anaimba." Wimbo wenyewe alikuwa na nusu yake tu. Tukauimba huo nusu.

Nusu si haba. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Turner alimrekodi Amelia Dawley wa Harris Neck, Georgia, akiimba wimbo aliourithi kwa mama yake bila kujua maana ya maneno. Kumbe ni Kimende, lugha ya Afrika Magharibi. Miongo kadhaa baadaye watafiti waliusaka Sierra Leone, wakamkuta Bendu Jabati katika kijiji cha Senehun Ngola, naye anaujua: aliufundishwa na bibi yake. Ulikuwa wimbo wa maziko, wa wanawake. Mwaka 1997 binti ya Amelia, Mary Moran, alifika kijijini hapo, bahari nzima katikati, akakuta watu wanaouimba wimbo wa mama yake.

Nikiwasimulia hilo darasani hukaa kimya, halafu wanataka kuzunguka tena.

Ijumaa iliyopita yule mama alichelewa. Fimbo ilikuwa imeegemea dirisha, na hakuna aliyeigusa mpaka akaja.