Sauti si yake, jina si lake: tunayoyakosea kuhusu Bob Sinclar

Kwenye harusi moja niliyohudhuria, mzee mwenye kanzu na kofia alimsogelea DJ akamwambia, "Mwanangu, tupigie ile ya Bob Marley yenye mluzi." DJ hakubisha. Aliitafuta, akaipiga, na ukumbi mzima ukainuka, akina mama wa mbele wakaupokea ule mluzi kama wamezaliwa nao. Kilichopigwa kilikuwa "Love Generation", kibao cha mwaka 2005. Marley alikwisha kufariki miaka 24 kabla yake.

Kosa la mzee yule linaeleweka kabisa. Gitaa la mle ndani limekaa kireggae, sauti ina mchanga wa Jamaika, na jina la kwanza kwenye jalada ni Bob. Ila mwenye jina hilo, Bob Sinclar, ni Mfaransa wa Paris, na sauti si yake. Mimi ni mpenzi wa miaka mingi wa house, muziki wa dansi wa klabu, na huyu ni mmoja wa watu walionifundisha kusikiliza kazi iliyo nyuma ya sauti. Ndiyo maana naona uchungu nikisikia anavyoelezwa kombokombo, kwa madai kama haya.

"Bob Sinclar ni mwimbaji"

Hapana. Ni DJ na prodyuza. Anatafuta mdundo, anapanga besi, anaamua gitaa liingie wapi na linyamaze wapi, kisha anamtafuta mwenye koo la kuubeba wimbo. "Love Generation" imeimbwa na Gary Pine, Mjamaika aliyewahi kuwa mwimbaji wa mbele wa The Wailers, bendi ileile iliyobaki baada ya Marley kuondoka duniani. Kwa hiyo mzee wa harusini alisikia kitu cha kweli, akakosea jina tu. "World, Hold On" ya mwaka 2006 imeimbwa na Mwingereza Steve Edwards.

Majina haya yapo kwenye jalada, lakini redioni mtangazaji hutaja moja tu na kwenda zake. Hilo linaniuma kwa sababu muziki huu una historia mbaya ya kuwaficha waimbaji wake. Ule mwito wa kuwaamrisha watu wote wacheze, ambao Sinclar aliurudia kwenye "Rock This Party", ulitoka kwenye kibao cha mwaka 1990 cha kundi la Marekani, C+C Music Factory. Aliyeuimba ni Martha Wash, ila kwenye video akawekwa mwanamke mwingine, mwembamba, achezeshe midomo. Wash alikwenda mahakamani kudai haki yake. Kumtaja mwimbaji ni kumpa mtu jasho lake.

"Ndilo jina lake la kuzaliwa"

Anaitwa Christophe Le Friant, alizaliwa mwaka 1969. Jina la jukwaani alilitoa kwenye filamu ya Kifaransa ya mwaka 1973, *Le Magnifique*, ambamo Jean-Paul Belmondo anacheza jasusi mtanashati aitwaye Bob Saint-Clar. Akaligeuza kidogo, likamkaa.

"Alizuka 2005 kwa bahati"

Hapa ndipo penye upotoshaji mkubwa, maana unafuta karibu miaka ishirini ya kazi.

Le Friant alianza kupiga santuri kwenye klabu za Paris mwishoni mwa miaka ya 1980, akijiita Chris the French Kiss, na wakati huo moyo wake ulikuwa kwenye hip hop na funk zaidi ya house. Katika miaka ya 1990, yeye na mwenzake anayejulikana kama DJ Yellow wakaanzisha lebo, yaani kampuni ya kutoa muziki, ya Yellow Productions. Alitoa muziki wa polepole kwa jina la The Mighty Bop, na muziki wenye harufu ya jazi kwa jina la Reminiscence Quartet. Wakati huohuo lebo yake ikawafungulia wengine mlango: albamu ya Dimitri from Paris iitwayo *Sacrebleu*, ya mwaka 1996, ilitoka hapo. Bob Sinclar alikuja baadaye, kama vazi jipya la mtu aliyekwisha zoea kazi. Albamu ya kwanza kwa jina hilo, *Paradise*, ni ya 1998. *Champs Elysées* ikafuata mwaka 2000, na ndani yake mna "I Feel for You", iliyojengwa juu ya kipande cha Cerrone, mpiga ngoma wa Kifaransa aliyeitikisa disko ya miaka ya 1970. Mwaka uliofuata akatoa mkusanyiko mzima wa kazi za Cerrone alizozichanganya yeye. Kijana anayetafuta sifa za haraka hakai kupanga santuri za mzee aliyemtangulia.

Hata baada ya umaarufu hakutulia mahali pamoja. Mwaka 2010 alishirikiana na Sly & Robbie, mpiga ngoma na mpiga besi wa Jamaika, nyimbo zake zikapigwa upya kireggae, na albamu yao *Made in Jamaica* ikateuliwa kuwania Grammy ya reggae. Mwaka 2011 akaurudisha wimbo wa mwaka 1976 wa mwimbaji wa Kiitaliano Raffaella Carrà. Mwenye kuiona filamu ya Kiitaliano *La grande bellezza* atakumbuka ile sherehe ya paani mwanzoni, watu wazima wakicheza kama kesho haipo. Muziki ule ni huo.

"Anachota nyimbo za watu, huo ni wizi"

Kuchota kipande cha rekodi ya mtu, au kusampo kama wasemavyo studio, kunahitaji ruhusa mbili: ya mwenye rekodi na ya mwenye utunzi. Ukikosa moja umekwama. Sinclar mwenyewe aliionja shubiri hiyo mapema. Mwaka 1998, yeye na Thomas Bangalter wa kundi la Kifaransa la Daft Punk walitengeneza "Gym Tonic" kwa kutumia sauti ya Jane Fonda akihesabu mazoezi ya viungo, iliyochotwa kwenye santuri yake ya mazoezi. Fonda akakataa. Kundi la Uingereza, Spacedust, likaingia kati, likarekodi sauti nyingine ya kuhesabu, na Oktoba mwaka huohuo toleo lao likashika namba moja Uingereza. Sinclar na mwenzake wakabaki wanatazama. Ukimwita mtu huyu mwizi, msome kwanza hapo.

"DJ anabonyeza tu kitufe"

Chukua kile kitu kilichoipa house ya Kifaransa sura yake: chujio. Prodyuza anachukua kipande kifupi cha disko, tuseme sekunde chache za nyuzi na besi, anakizungusha bila kukoma, kisha anazichuja sauti zote za juu. Unabaki na mgandamizo, kama muziki wa harusi ya jirani unaoupata kupitia ukutani: unasikia bomu la ngoma na mngurumo, maneno huyapati. Halafu taratibu, kwa kidole kwenye kirungu kimoja, anaachia. Matoazi yanaingia, kisha nyuzi, kisha sauti ya mtu, na ghafla ni kama mlango wa ukumbi umefunguliwa ukiwa umesimama kizingitini. Kazi iko kwenye kipimo. Akiachia mapema, watu hawajashikwa na kiu. Akichelewa, wamekwisha rudi kwenye viti.

Jukwaani nako, enzi za santuri, DJ alikuwa na sikio moja ndani ya hedifoni na jingine ukumbini, vibao viwili vinavyokimbia kwa kasi tofauti, na mkono ukisukuma kidogokidogo mpaka ngoma zote mbili zikanyage pamoja. House hukimbia mapigo 120 hadi 128 kwa dakika. Tofauti ya pigo moja tu hugeuza ukumbi kuwa kishindo cha farasi. Siku hizi mashine husaidia, sikatai. Lakini katika kuchagua kibao kinachofuata, hakuna mashine inayowajua watu wa usiku huo.

"House ni muziki wa Wazungu"

Ulizaliwa Chicago. Jina linatokana na klabu ya Warehouse, alikopiga Frankie Knuckles kuanzia 1977, na waliojaa mle walikuwa vijana weusi na Walatino, wengi wao wapenzi wa jinsia moja waliokosa mahali pengine pa kucheza kwa amani. Paris iliupokea.

Sinclar analijua deni hilo. Mradi wake wa Africanism, ulioanza kutoka mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupitia Yellow, ulikusanya maprodyuza waliotaka ngoma za Afrika na za Kilatini ziwe uti wa mgongo wa house: DJ Gregory na "Block Party", Martin Solveig na "Edony". Baadaye Solveig huyohuyo ndiye aliyeugeuza "Madan" wa Salif Keita wa Mali kuwa kibao cha klabu. Ningependa majina ya wapiga ngoma wa Kiafrika yawe makubwa kwenye majalada kama ya maprodyuza, na nitaendelea kulidai hilo. Ila ukizisikiliza zile santuri utajua mtengenezaji alikaa na ngoma akazisikiliza kweli.

"Love Generation ulikuwa wimbo rasmi wa Kombe la Dunia 2006"

Wimbo rasmi uliimbwa na Il Divo pamoja na Toni Braxton. Wa Sinclar ulitolewa kwa chapa ya Goleo VI, yule simba kibonzo wa mashindano, na ndiko kuchanganya kulikoanzia.

"Siku zake zimepita"

Mwaka 2020, dunia ilipofungiwa ndani na klabu zikafungwa, alikuwa akipiga muziki kila siku mtandaoni akiwa nyumbani kwake. Mwaka 2022 DJ wa Australia, Fisher, akaitengeneza upya "World, Hold On", ikarudi kwenye sakafu za dansi, ikichezwa na vijana waliokuwa hawajaanza shule ilipotoka mara ya kwanza. Sauti ni ileile ya Steve Edwards.