Watoto wa kambakoche wanaishi wapi? Dhana potofu na ukweli

"Watoto hukaa na mama yao pangoni."
Hapana. Mama hubeba mayai chini ya mkia mpaka yaanguliwe, na malezi yanaishia hapo. Anayetoka ni kiluwiluwi bapa, mwembamba kama jani, mwili wake ukipitisha mwanga. Mkondo humchukua hadi bahari kuu, akaelea huko miezi kadhaa. Kwa hiyo kambakoche anayekulia kwenye mwamba wa Lamu au Mafia, huenda mama yake aliishi mbali kabisa na hapo.

"Wadogo wako kilindini, wakikua ndio husogea pwani."
Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana inatufanya tukanyage makazi yao bila habari. Mambo ni kinyume. Kiluwiluwi akishabadilika huwa na umbo la kambakoche, ila bado hana rangi, na urefu wake ni sentimita mbili tatu tu. Katika hatua hii hali chochote. Huogelea kuja pwani kwa nguvu ya mafuta aliyojiwekea mwilini, kisha hutafuta tundu: ufa wa mwamba ulioota mwani, au shimo lililotobolewa na chaza wanaochimba mawe. Hulitaka limtoshe barabara, kwa sababu tundu lenye nafasi ya ziada humkaribisha na samaki wa kumla. Hapo huishi peke yake, akapata rangi na kujivua gamba mara kwa mara. Akikua kidogo ndipo huhamia kwenye mianya mikubwa pamoja na wenzake, na baadhi ya aina baadaye huenda maji ya kina zaidi.

"Mchana hawaonekani, basi hawapo."
Wapo. Hutoka usiku kutafuta chakula.

"Wana magando makubwa, kama kwenye picha."
Wale ni wa Atlantiki ya Kaskazini. Kule Maine, Marekani, watoto wao hujificha chini ya mawe madogo, wengine hata sehemu inayoachwa wazi maji yakipwa. Wetu hawana magando hayo. Kinga yao ni miiba, vipapasio vya kichwani na lile tundu.

"Kupindua mawe hakudhuru kitu."
Jiwe likipinduliwa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, na kuachwa hivyo, mwani wa juu hukosa mwanga ukafa, na viumbe waliokuwa chini huungua juani. Anayetafuta pweza au kombe alirudishe upande ule ule aliolikuta.