Orodha za mitaa hatari: jibu tunaonyeshwa, asili imefichwa

Mpwa wangu alipopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika mji wa St. Louis, Marekani, alinitumia picha ya skrini kabla hata ya kunionyesha barua ya chuo. Ilikuwa orodha ya mitaa kumi inayodaiwa kuwa hatari kuliko yote mjini humo, na chini yake ameandika: "Shikamoo mjomba. Chumba nilichopata kipo mtaa wa namba nne. Niache?" Kwa kuwa kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuchambua takwimu za uhalifu na kuzichora kwenye ramani, alitarajia jibu la neno moja. Nilimpigia simu, tukazungumza karibu saa nzima, na haya ninayoandika ni mazungumzo yale yakiwa yamepangwa vizuri kidogo.

Walimu wetu wa hisabati walitufundisha kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini. Orodha ya mitaa hatari ni mkusanyiko wa sehemu hizo hizo: juu kuna matukio yaliyoandikwa na polisi, chini kuna idadi ya watu wanaoishi hapo, kisha jibu huzidishwa kwa 1,000 au kwa 100,000 ili lisomeke. Msomaji huonyeshwa jibu, na pengine hata hilo haonyeshwi, akabaki na nafasi tu: wa kwanza, wa pili, wa nne. Mimi nikiletewa orodha huanza kuuliza habari za asili, kwa sababu huko ndiko upotoshaji, ambao mara nyingi si wa makusudi, unakoanzia.

Chukua katikati ya St. Louis, mtaa unaoitwa Downtown. Hapo upo uwanja wa besiboli wa Busch Stadium, wenye uwezo wa kuingiza watu zaidi ya 40,000, na timu ya nyumbani hucheza mechi 81 hapo katika msimu wa kawaida. Wanaolala mtaani humo ni elfu chache tu. Shabiki aliyetoka mji wa jirani akivunjiwa kioo cha gari na kuibiwa begi, tukio lake linaingia kwenye kiasi, ilhali yeye mwenyewe, kwa kuwa anwani yake iko kwingine, haingii kwenye asili. Mtaa unahesabiwa makosa ya umati mzima halafu unagawanywa kwa wapangaji wa maghorofa machache. Upande wa magharibi wa mji huo huo kuna bustani ya Forest Park, inayopokea wageni kwa mamilioni kila mwaka na ambayo takriban haina mkazi. Huko ukitaka kiwango cha uhalifu kwa kila mkazi, utakuwa unagawanya kwa sifuri. London nayo ina mfano wake, yaani wilaya ya Westminster, iliyokuwa na wakazi takriban 204,000 katika sensa ya 2021 lakini ambayo hubeba watalii, wanunuzi na walevi wote wa West End, eneo la maduka na burudani. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kwenda mbali hivyo. Afikirie Kariakoo siku ya Jumamosi, simu zinazochomolewa mifukoni zigawanywe kwa idadi ya wanaolala Kariakoo, na atapata mtaa wa kutisha, ingawa wengi wa walioibiwa wametoka Mbagala na Kibaha kufuata bidhaa.

Asili huharibiwa pia na mpaka. St. Louis imezoea kutajwa karibu na kilele cha orodha za miji ya Marekani yenye mauaji mengi, na sehemu ya sababu ilipigiwa kura mwaka 1876, pale mji ulipojitenga na wilaya inayouzunguka. Tangu hapo mipaka yake haijasogea. Sensa ya mwaka 2020 iliwakuta wakazi takriban 301,000 ndani ya mpaka huo, wakati eneo zima la mji pamoja na vitongoji vyake lina watu wapatao milioni 2.8. Vitongoji vingi tulivu, ambavyo wakazi wake hufanya kazi mjini na kushangilia timu ya mjini, vimebaki nje ya hesabu. Jacksonville katika jimbo la Florida ilifanya kinyume: mwaka 1968 iliungana na wilaya yake, ikajipatia eneo kubwa mno lenye mashamba, misitu na nyumba za pembezoni, na wakazi wa huko wote wanaipunguzia kiwango cha uhalifu. Ukiiweka miji hiyo miwili kwenye orodha moja, unakuwa umelinganisha maamuzi ya wapiga kura wa zamani kabla hujalinganisha usalama wa mtu yeyote. Hii ni moja ya sababu zilizoifanya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, kuwaonya wasomaji wa takwimu zake wasizitumie kuipanga miji kwa namba, na mwaka 2007 bodi ya American Society of Criminology, chama cha wanataaluma wa uhalifu wa huko, ilipitisha azimio la kupinga orodha za namna hiyo. Waandishi wa habari wanayajua maonyo hayo. Orodha inasomwa kuliko maonyo.

Ugonjwa ambao mji mzima unaupata, mtaa huupata mara kumi. Mtaa wenye watu 500 ukipatwa na mauaji mawili mwaka huu, kiwango chake ni 400 kwa kila watu 100,000; mwakani kusipotokea kitu, ni sifuri, na mtaa umeruka kutoka kileleni hadi mkiani bila jirani yeyote kubadili tabia. Ndiyo maana vilele na mikia ya orodha hizi hujaa mitaa midogo. Huo ni mchezo wa idadi ndogo, na mtu yeyote aliyewahi kurusha shilingi mara tano akapata vichwa vitano anaujua.

Sasa tupande juu, kwenye kiasi. Miaka kadhaa iliyopita niliporwa simu na kijana aliyepakizwa kwenye bodaboda, nikiwa nimesimama kituo cha daladala jioni. Nilikwenda kituo cha polisi kuchukua RB kwa sababu moja tu, kwamba nisingeweza kurudisha namba yangu bila karatasi. Askari wa mapokezi aliuliza kwa upole: "Imeibwa au imepotea?" Nikaangalia foleni nyuma yangu, nikafikiria maelezo ambayo ningeandikishwa, maumbile ya kijana ambaye sikumwona uso, na safari za kurudi kituoni kufuatilia jalada. Nikasema imepotea. Mimi, ninayeishi kwa kuhesabu uhalifu, niliufuta uhalifu mmoja kwa mdomo wangu mwenyewe, na pale kituo cha daladala pakawa salama zaidi kwa tukio moja.

Tabia hiyo si ya kwetu peke yetu. Marekani huwa na uchunguzi wa kila mwaka unaowauliza raia moja kwa moja kama wametendewa uhalifu, na majibu ya miaka ya karibuni yanaonyesha kwamba chini ya nusu ya matukio ya ukatili yaliwafikia polisi. Wizi wa magari huripotiwa kwa kiwango cha juu zaidi, na sababu yake inaeleweka: kampuni ya bima haimlipi mtu asiye na ripoti. Kwa hiyo mtaa wa wenye bima utaandikisha karibu kila gari linaloibwa, na mtaa wa watu wasiowaamini polisi, au wanaoogopa kuulizwa vibali vya kuishi nchini, utaandikisha kipigo kimoja kati ya vingi. Hata anayeripoti hana hakika ya kuandikwa. Mwaka 2014 wakaguzi wa polisi wa Uingereza na Wales walikuta kwamba wastani wa asilimia 19 ya makosa yaliyopaswa kuandikwa hayakuandikwa, na kwa makosa ya ukatili ilikuwa asilimia 33. Mwaka huo huo takwimu zile zilivuliwa hadhi ya takwimu rasmi za taifa. Mwaka 2021 nao FBI ilihamia mfumo mpya wa kukusanya taarifa, na polisi wa New York na wa Los Angeles hawakuwasilisha za mwaka huo, jambo ambalo halikuwazuia watengenezaji wa orodha kuendelea na kazi yao.

Wanaendeleaje pasipo takwimu? Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Baadhi ya kampuni zinazouza alama za usalama za mitaa huchukua hesabu ya eneo kubwa la polisi, kisha huigawa hadi ngazi ya mtaa kwa kukisia, zikitumia kipato cha wakazi, kodi za nyumba, umri na idadi ya wapangaji. Matokeo yake yana rangi nzuri kwenye ramani, nyekundu hapa na kijani pale, lakini alichochorewa msomaji ni ramani ya umaskini yenye kichwa cha habari cha uhalifu. Desemba 2021 kampuni ya nyumba ya Redfin ilitangaza kwamba haitaweka takwimu za uhalifu kwenye tovuti yake, ikieleza kuwa zilizopo hazijibu sawasawa swali la mnunuzi na zinaweza kuendeleza ubaguzi. Sioni kama kuficha takwimu ni dawa, ila sababu waliyoitoa naikubali.

Orodha zinazotegemea maoni ya watu zina shida ya aina nyingine. Mwaka 1995 watafiti waliendesha gari polepole katika mitaa ya Chicago likiwa na kamera pande zote mbili, wakarekodi takataka, michoro ya ukutani, majengo yaliyotelekezwa na watu wanaokunywa pombe barabarani. Baadaye Robert Sampson na Stephen Raudenbush walilinganisha kilichorekodiwa na kile ambacho wakazi walisema wanakiona, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2004 ilidhihirika kwamba idadi ya watu weusi na ya maskini mtaani ilieleza hisia za vurugu kuliko vurugu zenyewe zilivyozieleza. Wakazi weusi nao hawakusalimika na jicho hilo. Ukimwuliza mtu "mtaa gani unauogopa", atakujibu kwa uaminifu kabisa, lakini jibu litakuwa na habari nyingi kuhusu yeye.

Lakini kosa ambalo hata takwimu safi haziwezi kulitibu ni kule kuuchukulia mtaa kama kitu kimoja. Lawrence Sherman na wenzake, katika utafiti wa Minneapolis uliochapishwa mwaka 1989, waligundua kwamba asilimia 3 hivi ya anwani zilitoa nusu ya simu zote zilizopigwa polisi. David Weisburd na wenzake walifuatilia Seattle kwa miaka 14, wakihesabu kila kipande cha barabara kilicho kati ya njia panda mbili, na wakakuta vipande asilimia 4 hadi 5 vikibeba nusu ya matukio, mara nyingi vikiwa vipande vilevile mwaka hadi mwaka. Ndani ya mtaa unaoitwa hatari kuna barabara nyingi ambazo mwaka unapita bila kisa, na ndani ya mtaa unaosifiwa kuna kituo kimoja cha mafuta ambacho dereva wa usiku hasimami. Watu nao hawako sawa mbele ya hatari. Andrew Papachristos na Christopher Wildeman walichunguza eneo moja la Chicago na kukuta asilimia 41 ya mauaji ya bunduki yakitokea ndani ya mtandao wa watu wasiofika asilimia 4 ya wakazi. Mwanafunzi wa uzamili anayetoka maktaba hayumo kwenye mtandao huo hata akipanga nyumba ya jirani.

Nilimwambia mpwa wangu pia kwamba sisemi mitaa yote ni sawa. Kaskazini mwa barabara ya Delmar, inayoukata mji wa St. Louis kati ya upande wenye weusi wengi na maskini na upande wenye weupe wengi na wenye nafuu, kuna mitaa ambayo imezika vijana wengi kwa miaka mingi mfululizo, na mauaji ndiyo hesabu ninayoiamini kuliko nyingine, kwa kuwa maiti ni vigumu kuandikwa "imepotea". Anayeishi huko akikuambia anaogopa, usimtolee somo la asili na kiasi. Ninachokataa ni ile namba: kwamba mtaa wa nne una hatari kuliko wa tisa, na kwamba tofauti hiyo inamhusu mpwa wangu.

Tukaiacha orodha, tukafungua takwimu za polisi wa mji, ambao hutoa hesabu kwa kila mtaa. Tulitazama miaka mitano badala ya mmoja, aina moja ya kosa kwa wakati mmoja. Nilimtaka amwulize mwenye nyumba basi la mwisho la usiku linasimama wapi na taa za barabarani zinawaka hadi kona ipi, na atafute mtu anayefanya kazi zamu ya usiku aseme anapita njia gani. Mauaji na unyang'anyi mtaani kwake vilikuwa vya kawaida kwa mji ule. Kilichoupandisha hadi namba nne kilikuwa wizi wa magari, uliofumuka mwaka 2022 baada ya video kusambaa zikionyesha jinsi ya kuwasha baadhi ya magari ya Kia na Hyundai bila ufunguo wake, yaliyotengenezwa bila kifaa cha kuzuia injini isiwake kwa ufunguo usio wake. Mwaka 2023 serikali ya mji ilizishtaki kampuni hizo. Mtaa uliokuwa na wapangaji wengi wenye magari hayo ulipanda kwenye orodha kwa kasoro iliyotoka kiwandani.

"Kwa hiyo nichukue chumba?" akauliza.

Nikamwambia achukue, kisha nikamwuliza lile gari alilosema anataka kununua kwa mwanafunzi mwenzake ni aina gani, na la mwaka gani. Akanyamaza kidogo. "Ni Kia, mjomba. Ya 2015."